Nafasi ya Mshauri wa Katiba Isijazwe kwa Mapenzi

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad:

Ndugu Waislamu, mkutano mkuu wa jumuiya yetu hapa Namswea umekaribia. Miongoni mwa ajenda zake ni kujaza nafasi ya mshauri wa katiba na taratibu za vikao, iliyo wazi tangu mzee wetu aliyekuwa akiishika ahamie Songea. Wengi wameiona ajenda hii kuwa ndogo, kwani nafasi yenyewe haina posho wala kiti cha mbele, na mwenye kuishika hapandi mimbari. Sisi tunaiona kuwa ndiyo ajenda kubwa kuliko zote siku hiyo.

Kazi ya mshauri huyu ni ipi? Kabla kikao hakijafunguliwa, huhesabu waliohudhuria na kumwambia mwenyekiti kama akidi imetimia. Hoja ikitolewa, hueleza kama katiba inaruhusu ijadiliwe na kama wanachama walipewa taarifa mapema. Kura zikipigwa, huangalia kwamba kumbukumbu zimeandika yaliyoamuliwa, si yaliyotamaniwa. Yeye haamui. Hushauri, na mwenyekiti ndiye anayetamka.

Tangu nafasi hii ibaki wazi tumeyaona matunda yake. Kikao kimoja kilipitisha shamba la kahawa la wakfu wa madrasa likodishwe kwa miaka mingi, ili zipatikane fedha za kumalizia paa la msikiti. Waliohudhuria hawakufika hata nusu ya idadi inayotakiwa na katiba. Huenda jambo lenyewe lilikuwa jema, kwani mvua huwanyeshea wenye kuswali. Lakini leo ndugu wawili wakikutana njiani hupeana salamu ya midomo tu, na wapo walioanza kuswali Ijumaa kwingine. Paa nalo limebaki nusu. Nasi hatujitoi katika lawama hiyo: tulikuwepo, tulinyoosha mkono, na hatukuuliza habari ya akidi.

Tutazame waliotutangulia. Umar bin al-Khattab (r.a.) alipojeruhiwa mwaka 23 Hijria, sawa na mwaka 644, aliwateua Masahaba sita wachague khalifa kati yao: Uthman, Ali, Talha, Zubair, Saad na Abdur-Rahman bin Auf (r.a.). Hakuishia kuwataja watu, bali aliweka na utaratibu. Aliwapa siku tatu. Suhaib (r.a.) aliamrishwa awaswalishe watu katika siku hizo, ili nafasi iliyo wazi isisimamishe ibada. Mwanawe mwenyewe, Abdullah (r.a.), aliruhusiwa kuhudhuria shura ile, lakini bila ya fungu lolote katika ukhalifa. Kisha Abdur-Rahman bin Auf akajitoa katika kugombea, na kwa sababu hiyo wenzake wakamwamini asimamie uchaguzi.

Lipo somo kubwa hapo. Watu wale walikuwa bora kuliko sisi kwa imani na elimu, na bado hawakusema kwamba udugu unatosha. Walitaka mtu asiye na maslahi katika matokeo ndiye aishike njia ya kuyafikia.

Katika ardhi yetu pia tuna somo. Jumuiya ya East African Muslim Welfare Society iliundwa Mombasa mwaka 1945, ikajenga misikiti na shule. Mwaka 1968 baadhi ya matawi, kuanzia Bukoba, yalitangaza kujitoa. Desemba ya mwaka huo huo BAKWATA iliundwa katika mkutano wa Iringa, na Serikali ikaipiga marufuku jumuiya ile. Mikono iliyohusika tunawaachia wanahistoria. Sisi tunachukua funzo moja: pale wanachama wasipokubaliana ni nani mwenye haki ya kusema kwa niaba ya tawi, na kwa kikao kipi, nyumba yao iko wazi kwa kila upepo.

Hata wasiokuwa Waislamu wamelijua hili kwa tabu. Mwaka 1863 mhandisi wa jeshi la Marekani, Henry Martyn Robert, aliombwa kuongoza mkutano kanisani katika mji wa New Bedford. Hakujua aanzie wapi, na mkutano ukavurugika. Baada ya kusoma kwa miaka mingi, mwaka 1876 alichapisha kitabu cha kanuni za vikao ambacho vyama vingi vya kujitolea vinakitumia hadi leo.

Basi tumchague nani? Surat al-Qasas, aya ya 26, imetaja sifa mbili za mwenye kupewa kazi: nguvu na uaminifu. Nguvu ya kazi hii ni kuijua katiba, na uaminifu wake ni kuisoma sawasawa hata inapomkata rafiki. Tunaongeza sharti la tatu, nalo ni kwamba asiwe upande wowote katika ugomvi wa shamba.

Baadhi ya ndugu wamelitaja jina letu, kwa kuwa tumesoma kwa Kiarabu hadi ngazi ya juu. Tunawashukuru, lakini tunakataa. Tulinyoosha mkono siku ile, kwa hiyo sharti la tatu linatuangusha. Isitoshe, tulisoma nahau na fiqhi. Hesabu ya akidi hatukuisoma. Miongoni mwetu yumo mzee aliyekuwa katibu wa chama cha ushirika cha kahawa kwa miaka mingi. Kiarabu chake ni cha kuswalia tu, lakini anajua kumbukumbu za kikao zinavyoandikwa, na siku ile hakuwapo. Tunaomba jina lake lipelekwe mbele ya mkutano, nao uamue. Akikubaliwa, kazi yake ya kwanza iwe kulirejesha suala la shamba katika kikao chenye akidi, hata kama sisi tutashindwa.

Wazee wa Umatengo hulima mlima kwa ngolo. Mahindi na maharage huota juu ya matuta. Shimo halizai kitu. Lakini ondoa shimo, uone kama mvua itakuachia udongo. Mshauri wa katiba ndiye shimo la ngolo la jumuiya.

Tufike mkutanoni kwa wingi, na kabla ya jambo lolote tuhesabiane.

Wabillahi Tawfiq.