Mgeni Siku ya Tatu Apewe Jembe Gani?

Kila ufikapo mwezi wa Juni, baridi inapoanza kuuma na ukungu kushuka hadi Uyole, huongezeka katika stendi zetu za Iringa na Mbeya wageni vijana wenye mabegi makubwa mgongoni. Wengine hushuka katika treni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 itokayo Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Wengine huja kwa mabasi, wakapanda mlima wa Kitonga, wakalala Iringa, wakaona zana za mawe za Isimila na wanyama wa Ruaha, kisha wakaendelea kusini. Lengo la wengi wao ni milima ya moto ya Rungwe. Wanakwenda Ngozi, ambako ziwa zima limetuama ndani ya shimo la volkano. Wanapanda Mlima Rungwe wenye urefu wa takribani mita 2,960. Wanatazama Daraja la Mungu, mwamba uliotokana na moto wa ardhini na ambao Mto Kiwira unapita chini yake. Na wenye nafasi huendelea hadi maua ya Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Ndugu msomaji, kutembea si jambo la kulaumiwa. Suratul-Ankabut, aya ya ishirini, inatuamrisha kutembea katika ardhi na kutazama namna uumbaji ulivyoanza. Nani basi aliye karibu zaidi na amri hiyo kuliko sisi tunaoishi chini ya Mlima Kiejo, ambao inakadiriwa ulitema moto mara ya mwisho karibu mwaka 1800, na udongo wake ndio unaotulisha ndizi, viazi na chai? Hata hivyo ninao wanafunzi waliozaliwa Mbeya mjini, wakakulia hapo, na hawajapata kuliona Ziwa Ngozi kwa macho yao. Wanayoyajua ni visa vya mizimu ya ziwani tu. Mtoto wa Uholanzi anavuka bahari kuja kulitazama, na wetu anaogopa hadithi. (Visa hivyo navyo vinahitaji makala yake.)

Lakini si matembezi yaliyonifanya nishike kalamu. Miongoni mwa wageni hawa wapo wasiotosheka na kutazama. Wanataka kufanya kazi: wiki mbili, wiki nne, wengine miezi mitatu. Wanaiita likizo ya kujitolea. Na kamati za misikiti, madrasa na vituo vya kulelea watoto zimeanza kuulizwa: je, mnayo nafasi kwa ajili yao? Jibu letu aghalabu huwa ndiyo, kwa sababu sisi ni watu wa ukarimu, na kwa sababu mgeni huja na mchango. Ni vyema tukalitafakari jibu hilo kabla ya kulitoa.

Mgeni mwenye kufanya kazi si jambo geni katika mila zetu wala katika dini yetu. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na Mtume (SAW) alikwisha kutuwekea mpaka: haki ya mgeni ni siku tatu, kinachozidi ni sadaka, na mgeni naye amekatazwa kukaa hadi akamtia mwenyeji wake dhiki. Suala, basi, si kama apewe jembe. Suala ni jembe gani, na katika shamba la nani.

Tumtazame Ibn Battuta, ambaye wengi wetu humtaja kwa fahari kwa kuwa alifika Kilwa mwaka 1331. Aliondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, na sehemu kubwa ya safari zake aliiendesha kwa kufanya kazi. Alikuwa kadhi Delhi, kisha akawa kadhi katika visiwa vya Maldives. (Ndoa zake za huko Maldives tuziache.) Linalotuhusu ni hili: kazi aliyopewa ugenini ilikuwa ile aliyoisomea kwao. Hakuna aliyemkabidhi kiti cha hukumu kwa sababu tu ametoka mbali na ana moyo mwema. Alikuwa faqihi kabla ya kuwa msafiri.

Sasa tulinganishe. Msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Uingereza, aliyemaliza sekondari mwezi uliopita, kwao haruhusiwi kuingia katika nyumba ya kulelea watoto na kushinda nao peke yake pasi na kuchunguzwa kumbukumbu zake za polisi. Akifika kwetu, siku ya tatu amepewa darasa la watoto arobaini, au amekabidhiwa watoto wachanga awaogeshe na kuwalaza. Simlaumu yeye, pengine ana huruma ya kweli. Anayepaswa kuulizwa ni mwenye nyumba aliyefungua mlango.

Australia ilianzisha mwaka 1975 utaratibu wa viza za likizo na kazi kwa vijana wa nchi chache, Uingereza na Kanada zikiwamo. Kijana akienda huko huchuma matunda au kuosha vyombo hotelini, naye hulipwa ujira kwa sheria. Kwetu mambo yamegeuka: mgeni ndiye anayelipa ili afanye kazi. Na mwenye kulipa ndiye mteja. Basi kazi hupangwa kwa namna itakayomfurahisha, na mara nyingi kinachomfurahisha ni mtoto mdogo anayekimbia kumkumbatia. Hapo ndipo panapoanza hatari, maana kituo kinachopata fedha kwa idadi ya watoto kitatafuta watoto.

Hapana shaka mayatima wapo, na nyanda zetu zina sababu yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulionesha kuwa katika Mkoa wa Iringa, ambao wakati ule Njombe ilikuwa bado ndani yake, zaidi ya asilimia 15 ya watu wazima walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali wastani wa Tanzania Bara ulikuwa karibu asilimia 6. Makaburi ya miaka ile tunayajua. Lakini kuwapo kwa mayatima si sawa na kuwapo kwa watoto wasio na mtu. Shirika la Save the Children, katika ripoti yake ya mwaka 2009, lilieleza kuwa duniani angalau watoto wanne kati ya watano wanaoishi katika vituo wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Hawakupelekwa huko na mauti, walipelekwa na ufukara.

Naye mtoto hujifunza haraka. Madrasani kwetu aliwahi kuletwa kijana wa miaka minane aliyekuwa amelelewa kwa muda katika kituo kimoja kabla ya shangazi yake kumchukua. Siku ya kwanza nilimkaribisha na kumwuliza jina. Alilitaja, kisha naye akaniuliza, kwa adabu kabisa: "Ustadhi, wewe unaondoka lini?" Nilidhani amekosea maneno. Shangazi yake ndiye aliyenieleza kwamba huko alikotoka kila aliyemfundisha kuimba na kuhesabu alikaa wiki tatu, akapiga naye picha, akalia wakati wa kuagana, na hakuonekana tena. Kwa mtoto yule, mwalimu ni mtu anayeondoka. Ilimchukua karibu mwaka kuacha kuniuliza.

Dunia imekwisha kuliona jambo hili. Mwaka 2018 Australia, nchi iliyokuwa ikipeleka vijana wengi katika vituo vya namna hiyo, ilitambua kuwa kuwaingiza watoto vituoni kwa ajili ya faida ni sura ya utumwa wa kisasa. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la haki za mtoto lililozitaka nchi kushughulikia madhara ya shughuli za kujitolea katika vituo vya mayatima. Hata hapa kwetu sheria hazikukaa kimya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kufungua makao ya watoto kwa hiari yake tu bila kibali. Na mgeni aliyeingia kwa viza ya matembezi hana ruhusa ya kufanya kazi, hata ile isiyo na malipo. Anayejitolea anahitaji kibali chake. Kamati inayompokea bila kuuliza karatasi zake inamdhulumu yeye pia, kwa kuwa siku ya ukaguzi yeye ndiye atakayeshikwa.

Sisi tuliofundishwa dini tulipaswa kulijua hili kabla ya maazimio hayo. Masahaba walipouliza kuhusu mayatima, jibu lililoteremka, nalo limo katika aya ya 220 ya Suratul-Baqara, lilisimama juu ya mambo mawili: kuwatengenezea mambo yao, na kuchanganyika nao kama ndugu. Neno la pili ndilo tunalolipita haraka. Mukhalata ni kula naye sahani moja, kulala naye nyumba moja, mali yake na yako zikaingiliana kwa uaminifu. Huo ni ujirani wa kudumu. Haufanyiki katika bweni lenye kibao barabarani, na haufanyiki kwa wiki tatu.

Je, tuwafukuze wageni? Hasha. Nimesikia baadhi ya wenzetu wakisema kila mwenye begi la mgongoni ni jasusi au mharibifu wa maadili, na maneno haya si ya haki. Wapo wageni waliotufaa sana. Kundi la kwanza la vijana wa Peace Corps la Marekani lililoletwa Tanganyika mwaka 1961 lilikuwa la wapima ardhi, wajuzi wa miamba na wahandisi wa barabara. Walipewa jembe wanaloliweza. Waliowafuata, wakawa walimu wa hesabu na sayansi katika shule zetu za sekondari, hukaa miaka miwili, na kabla ya hapo husomeshwa Kiswahili. Iringa mjini kuna karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Kanisa Anglikana, ambako viziwi na walemavu wengine hufuma, hutengeneza karatasi na kuendesha mgahawa. Msafiri hulala pale, hula pale, hununua, na ujira huenda kwa aliyefanya kazi. Si msikiti ulioijenga, na hilo lisituzuie kujifunza. Hikma huchukuliwa popote inapopatikana.

Nitoe mfano mwingine kutoka mlimani kwenyewe. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Rungwe walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji. Hawakucheka. Walifuatilia, wakamwona, mwaka 2005 wakaitangazia dunia, na mwaka 2006 ikathibitika kuwa ni jamii ya pekee isiyofanana na nyingine. Jina la Kinyakyusa likabaki. Mlima ule ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Wageni hawa walikuja na elimu yao, na jambo la kwanza walilofanya ni kuwasikiliza wenyeji.

Kwa hiyo mgeni mwenye fani apewe fani yake. Muuguzi na akae na wauguzi wetu, mwenye kujua kompyuta awafundishe walimu, si watoto, ili anapoondoka elimu ibaki kwa asiyeondoka. Asiye na fani apewe nafasi ya mwanafunzi: akae nyumba ya mwenyeji, ajifunze Kiswahili, atembee na kijana wa Rungwe kama kiongozi wa njia na amlipe ujira kamili. Kujenga ukuta wa darasa nako kuna maswali yake. Fundi wa Mwanjelwa mwenye mwiko na familia ameketi kibarazani akisubiri kibarua, na sisi tunamkabidhi matofali mtu asiyewahi kupima ukuta kwa timazi, kwa sababu amelipia. Fedha ile ile ingetosha ujira wa fundi, na mgeni akawa msaidizi wake wa kukoroga zege.

Ama picha za watoto, sioni haja ya kurefusha maneno. Mtoto wako hungependa apigwe picha na mpita njia akiwa na kamasi na shati lililochanika, ikapelekwa asikokujua. Yatima hana baba wa kukataa kwa niaba yake, na kamati imesimama mahali pa baba huyo.

Wapo watakaosema: tukiwanyima wageni watoto, michango itakatika. Huenda baadhi ikakatika kweli. Lakini hebu tuhesabu kwanza tunachokitafuta. Kumlisha na kumvisha mtoto nyumbani kwa bibi yake ni gharama ndogo kuliko kumweka bwenini na kulipa mpishi, mlinzi na matroni. Mgeni anayetaka kusaidia aelezwe hivyo waziwazi, na aoneshwe daftari la matumizi. Wengi wao ni watu waelewa. Hakuna aliyewahi kuwaambia.

Katika msikiti ninaoswali, safu ya tatu, huketi mzee mmoja mwenye wajukuu watatu aliowachukua baada ya kufariki wanawe wawili. Analima viazi vya kukodi shamba upande wa Uyole. Mkubwa wa wajukuu hao anaingia kidato cha kwanza Januari, na sare bado haijapatikana. Mzee huyu hana kibao barabarani, kwa hiyo hakuna mgeni aliyepata kuelekezwa kwake. Na katika daftari la kamati yetu, nililolipitia mwezi uliopita, jina lake halimo.