Bakambu ni mtoto wetu, acheni maneno

Kuna watu huku kwetu wanasema Cédric Bakambu ni «mtoto wa Ulaya», hajui shida zetu. Ndiyo, alizaliwa Ufaransa mwaka 1991 na alichezea timu za vijana za kule. Lakini tangu 2015 anavaa jezi ya Leopards. Alipokwenda Beijing Guoan mwaka 2018 wakasema anafuata pesa. Na wewe usingeifuata? Miguu ya mshambuliaji haidumu.

Sasa mukumbuke tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya CAN mjini Abidjan. Siku zile familia zilikuwa zinakimbia Sake kuingia Goma, magodoro kichwani. Wakati wa wimbo wa taifa, Leopards walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili wakaelekeza vidole kichwani kama bunduki. Côte d'Ivoire ilitufunga 1-0, sawa. Bakambu mwenyewe aliandika mtandaoni, wakati wa mashindano yale, kwamba dunia inaona mauaji ya mashariki na inanyamaza.

Huyo ndiye asiyejua shida zetu? Basi tuwaulize wakubwa waliozaliwa hapa hapa Kivu, wanaojua njia ya Bulengo bila kuonyeshwa: wao wamefunika mdomo kwa sababu gani?