Sarafu ya Mia Tano Haina Jini

Mtu akiifanya sarafu ya shilingi 500 ipotee kiganjani mwake hapa Wandegeya, atapokea hukumu mbili tu. Wa kwanza atasema huo ni uchawi. Wa pili atasema ni wizi. Sisi wanafunzi wa fasihi, tunaojivuna kwamba tunaweza kuhakiki shairi, kitendawili na hata maneno yaliyoandikwa nyuma ya taksi, hujiunga na mmojawapo wa hao wawili, au hucheka tukaenda zetu kula rolex. Nasema huo ni uvivu.

Nianze na uchawi. Neno kiinimacho linataja jicho. Halitaji jini wala mzimu. Waliotuachia neno hilo walijua kwamba kinachochezewa ni macho ya mtazamaji. Huko Uingereza, Reginald Scot alilazimika kutoa kitabu kizima mwaka 1584, akaeleza humo jinsi sarafu, vijipira na karata vinavyofichwa mkononi, ili watu waache kuwasingizia wenzao uchawi. Kwetu Sheria ya Uchawi ni ya mwaka 1957, na tuhuma ya uchawi bado inaweza kumhamisha mtu kijijini kwake. Anayeropoka "mchawi huyo!" kwa mzaha asidhani mzaha wake ni mwepesi.

Kuhusu wizi, nakubali nusu. Katika karata tatu za mabafere wa mjini, mikono hufanya kazi ileile ya mwanamazingaombwe: karata mbili hushikwa kwa mkono mmoja, kisha ya juu huangushwa wakati wewe unaamini imeanguka ya chini. Yule kijana anayeshinda mbele yako ni mwenzao. Lakini ubaya hauko mikononi, uko katika dau. Mwenye mazingaombwe amekuahidi kukudanganya, nawe umekubali, na utaondoka na nauli yako mfukoni. Mchezesha karata amekuahidi ushindani ambao haupo.

Basi tuhakiki vipi? Wengi hutoa alama kwa mshangao peke yake, na kwa hiyo humsifu mwenye sanduku jeusi lenye nyota. Mimi sanduku nalishuku tangu linapofunguliwa. Swali langu la kwanza ni kitu ni cha nani. Leso ya mtazamaji, njiti ya kibiriti kutoka duka la jirani, kifuniko cha soda kilichookotwa chini ya meza: hivyo tunavijua tangu utotoni, tumevishika mara elfu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kumdanganya mtu kwa kitu asichokijua ni kazi rahisi.

Kisha natazama sababu ya kila mwendo. Anayehamisha sarafu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto bila haja yoyote ameshatuambia iko wapi. Anayeihamisha ili mkono wa kulia upokee kibiriti alichoomba, huyo ametunga. Tunamdai mwandishi wa tamthilia sababu ya mhusika kuingia jukwaani; kwa nini tusiudai mkono? Na kitu kikirudi kwa mwenyewe akakigeuzageuza asione kasoro, hapo naongeza alama.

Nitaambiwa kwamba sanaa inayokufa siri ikijulikana si sanaa. Hata Seneca, yule Mrumi, aliandika kwamba vikombe na vijiwe vya wafanya mazingaombwe vilimfurahisha ilimradi hajui vinavyofanyika. Simkubalii. Jibu la kitendawili likishajulikana hatukitupi; ndiyo kwanza tunaona jinsi kilivyosukwa. Mimi najua sarafu inavyobanwa katika nyama ya kiganja chini ya kidole gumba, na bado wapo wanaonipita.

Kwa hiyo nawadai wahadhiri wetu jambo dogo. Katika maonyesho yajayo ya fasihi simulizi, mwanamazingaombwe apewe meza, taa ya kutosha, na watahini watatu waketi karibu naye, mmoja ubavuni. Sarafu watoe watahini wenyewe.