Degedege si jina la ugonjwa

Hapa Moi's Bridge, katika nchi ya mahindi baina ya Eldoret na Kitale, mtoto akishikwa na homa kali kisha viungo vikakakamaa, wazee husema ni degedege. Zahanati nayo, kama haina chombo zaidi ya darubini, huandika malaria. Aghalabu huwa ni malaria kweli. Na isipokuwa je?

Sisi wanaisimu twajua kwamba neno laweza kufichua jambo, na laweza pia kulifukia. Degedege hutaja dalili tu. Watu wa pwani waliihusisha na ndege wa usiku. Homa nayo imemeza maradhi chungu nzima.

Mwaka 1937, katika wilaya ya West Nile nchini Uganda, watafiti waliokuwa wakichunguza homa ya manjano walipata virusi vipya katika damu ya mwanamke mmoja mwenye homa. Virusi hivyo vienezwavyo na mbu vikapewa jina la wilaya hiyo. Wakubwa wa dunia hawakujishughulisha navyo sana, hadi vilipozuka New York mwaka 1999 na kuua watu 7. Hapo fedha za utafiti zikapatikana! Farasi wakapata chanjo. Binadamu hajapata chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Aliyevimba ubongo hutunzwa tu, apumue na asikaukiwe na maji mwilini.

Kazi yenyewe ni ngumu, tusiwabeze wanasayansi. Baina ya damu na ubongo pana kizuizi kinachochuja vinavyopita, na dawa nyingi hukwama hapo. Tena mgonjwa anapoanza kuweweseka, mara nyingi virusi vimekwisha kutoweka katika damu, vimejichimbia katika chembe za neva, nazo zikifa ni nadra kupata badala yake. Kwa hiyo dawa yoyote itakayobuniwa itabidi itolewe mapema, na mapema maana yake ni kuutambua ugonjwa kabla ya kuupachika jina la mwingine. Hata Marekani, majaribio ya tiba yamewahi kukwama kwa kukosa wagonjwa wa kutosha. Sisi tutawapata wapi, ikiwa wote wameandikwa malaria?

Basi tunaloidai serikali si maabara ya kubuni dawa kesho. Tunadai kwamba mtoto wa Moi's Bridge aliyepimwa akakutwa hana malaria, na bado anatetemeka, atolewe damu na maji ya uti wa mgongo katika hospitali yenye uwezo, sampuli zipelekwe KEMRI, na majibu yamrudie daktari wake. Walimu wa sayansi nao waache kufundisha kwamba mbu huleta malaria, kisha wakafunga kitabu.