Somo la wiki: "Kwa" moja, maneno mengi ya Kiingereza



Juma hili tuangalie neno dogo lililonila faida. Niliagiza vikwembe Kampala, nikamwandikia muuzaji kwa Kiingereza: "Send the goods by my sister in Kasindi." Nilitaka kusema: tuma mizigo kwa dada yangu. Kumbe "by my sister" maana yake ni kwamba dada ndiye atakayeileta. Muuzaji akamngoja aje kuichukua. Vikwembe vikakaa dukani kwake siku tisa, na sikukuu ikapita. Ilinipasa kuandika "to my sister". Herufi mbili tu!

Kosa hili linatokana na lugha yetu. Kwetu "kwa" inafanya kazi nyingi, lakini Kiingereza kimezigawa kazi hizo:

– Tuma kwa mama: send it to mother.
– Alikuja kwa basi: she came by bus. Lakini kwa miguu ni "on foot".
– Kata kwa kisu: cut it with a knife.
– Kaa kwa siku mbili: stay for two days.
– Andika kwa Kiingereza: write in English.

Basi kabla ya kuandika, jiulize: hii "kwa" yangu ni ya mtu anayepokea, ya chombo, ya safari au ya muda? Ukijibu, neno la Kiingereza litakuja lenyewe. Na Kifaransa kisitudanganye: "à pied" ni "on foot", "à la maison" ni "at home", "à Kampala" ni "in Kampala".

Tuwe waangalifu pia na "mpaka". "I will pay by Friday" ni ahadi: Ijumaa haitapita bila kulipa. "Keep the goods until Friday" ni ombi: mwenye duka atakutunzia mizigo hadi Ijumaa, Jumamosi anaweza kumuuzia mwingine. Mwenye deni asichanganye hayo mawili.

Kazi ya nyumbani: kila mama aandike sentensi tatu zenye "kwa", azigeuze kwa Kiingereza, azilete kwenye mkutano wetu. Mtoto wa sekondari akusaidie, naye atafaidika. Asiyejua kuandika azikariri, tutazisikiliza pamoja.

Tuonane juma lijalo.