Njia Panda ya Bangboka

Juma hili twataka kusema nanyi habari ya njia panda. Atokaye mjini Kisangani kwenda uwanja wa ndege wa Bangboka husafiri kama kilometa 17 upande wa mashariki, kwa barabara ya taifa namba 4, ile iendeleayo hata Bafwasende, Nia-Nia na Komanda. Barabara ni moja, waitumiao ni wengi: malori, motokaa za wasafiri wanaoogopa kuachwa na ndege, baiskeli zenye magunia ya makaa, akina mama na mizigo kichwani, wanafunzi, na pikipiki zisizohesabika.

Sheria yetu ya njia ni ile ya tarehe 30 Agosti 1978. Kila mtu aende upande wa kuume. Na penye njia panda isiyo na alama wala polisi, yampasa dereva kumpisha atokaye kuumeni kwake. Si maneno magumu. Lakini waulizeni vijana wachukuao abiria kama waliyasoma kabla ya kupewa pikipiki. Wengi walifundishwa na rafiki, alasiri moja, nao walijifunza gia na breki tu. Toleka za kwanza za Kisangani zilikuwa baiskeli, na aliyeanguka aliumia goti. Pikipiki ni jambo jingine.

Hata aijuaye sheria hajapona bado, kwa sababu mwenzake huenda haijui. Motokaa iendayo kilometa 50 kwa saa hupita karibu meta 14 kwa sekunde moja, nayo ndiyo sekunde ambayo mguu haujafika kwenye breki. Tena mvua ikinyesha, nasi wa Tshopo twaijua mvua, vijia vya udongo viingiavyo barabara kuu huteleza. Kijana afungaye breki mdomoni mwa kijia hujikuta katikati ya barabara bila kutaka. Basi apunguze mwendo mapema, angali mbali.

Jihadharini pia na malori yatokayo Uganda na Kenya. Kule huenda kushoto, na usukani wao uko kuume. Hapa kwetu dereva wa namna hiyo hukaa upande wa majani. Akitaka kulipita lori lililo mbele yake, haoni kitu mpaka pua ya lori lake imekwisha kutokeza. Na akikata kushoto, ubavu wake wa kushoto u mbali na macho yake. Msijiweke hapo kamwe.

Mwaka 2013 Kinshasa iliwekewa watu wa chuma kwenye njia panda, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake, wenye kugeuza kifua na kuonyesha taa nyekundu na kijani. Wengine walicheka. Sisi hatukucheka, ila Bangboka hatuna mtu wa chuma.

Siku moja tulikuwa tumesimama kando ya barabara hiyo. Pikipiki ikatoka kijiani kwa kasi, msichana wa shule nyuma, kofia ngumu ikining'inia kwenye usukani. Lori likaja kutoka mjini. Tulifumba macho. Tulipofumbua, lori limesimama, na kati yake na pikipiki haukuzidi urefu wa mtu mmoja. Tukamwuliza dereva, mzee mwenye mvi, “Baba, umewezaje?” Akajibu, “Nilimwona tangu kule. Alikuwa akizungumza na mtoto, hakugeuza kichwa hata mara moja. Nikajua atatoka tu. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki kabla hajatoka.”

Haki ya kupita ilikuwa yake mzee. Kijana alinyamaza, akafuta mikono yake kwenye suruali. Msichana aliokota madaftari yake, akayapangusa tope moja moja, akakataa kupanda tena. Alikwenda shuleni kwa miguu.