Kwaya za Buhigwe hazikosi waimbaji, zinakosa wapiga magitaa

Kwenye uzinduzi wa albamu ya kwaya huko Buhigwe, mkoani Kigoma, iwe Munanila au Manyovu, mambo huwa yale yale. Mgeni rasmi yuko kwenye kiti cha mto, waimbaji wamepigilia sare mpya, mbuzi amefungwa pembeni anasubiri mnada. MC anajua kubana watu mpaka watoe: mbuzi anauzwa, anarudishwa, anauzwa tena. Nyuma kabisa, karibu na spika, amekaa kijana wa gitaa la solo, waya wake umezungushiwa solotepu sehemu mbili, na kila jenereta ikipunguza pumzi anageuka kumtazama fundi mitambo. Mgeni rasmi atatajwa mara kumi. Kijana huyo hatatajwa.

Halafu watu wanashangaa kwa nini kwaya iliyotikisa wilaya miaka mitatu iliyopita leo haisikiki.

Ukiacha sare, kwaya nyingi za Buhigwe, Kasulu na Kibondo ni bendi kamili: solo, ridhimu, besi, kinanda na dramu. Muziki wao una historia ndefu kuliko wanavyoihesabu wenyewe. Tenzi zililetwa na wamisionari, na Dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika ina makao yake Kasulu tangu 1966. Magitaa yalikuja kwa njia nyingine. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, watu wa Fizi na Uvira, Kongo, walivuka Ziwa Tanganyika na kuingia na upigaji wao wa Kikongo, ule ambao wimbo huanza taratibu kama sala kisha solo likachomoka na kanisa zima likasimama. Kabla yao, wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliopelekwa Ulyankulu, Tabora, walikwisha kuzaa kwaya ya Barabara ya 13, ambayo kanda zake zilipigwa hadi kwa watu wasiojua Ulyankulu iko wapi. Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa na Wajesuti mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, ikawasogezea watu wa Kibondo na Kasulu redio iliyo jirani yao.

Sasa bendi ya kidini huishije miaka mingi? Marekani wapo Petra, bendi ya roki ya Kikristo iliyoanzia Fort Wayne, Indiana, mwaka 1972. Walipoanza, wapo wachungaji walioona gitaa la umeme ni mlango wa shetani. Mwaka 1987 mhubiri Jimmy Swaggart alikuwa bado anaandika kitabu kizima cha kupinga roki ya kidini. Petra hawakutetereka. Mwimbaji wao Greg Volz alipoondoka katikati ya miaka ya 1980, akaingia John Schlitt, na bendi ikazidi kupaa. Iliendelea hadi 2005. Waimbaji walibadilika, lakini mpiga gitaa Bob Hartman, aliyekuwa mmoja wa waasisi, ndiye aliyekuwa akitunga, na hata alipoacha kusafiri na bendi mwaka 1995 kalamu hakuiweka chini.

Makoma, kundi la injili, walipita njia nyingine. Ndugu hao wa Kinshasa waliokulia Uholanzi walitoa albamu ya Nzambe na Bomoyi mwaka 1999, na mwaka 2002 wakanyakua tuzo ya Kora. Miaka miwili baadaye Nathalie, sauti iliyokuwa ikiwatambulisha, akaondoka. Mwaka 2008 akashika nafasi ya pili kwenye mashindano ya Idols ya Uholanzi. Kundi halikufa, ila ule moto haukurudi.

Karibu zaidi na Kibondo wapo Zabron Singers wa Kahama, Waadventista wanaotumia jina la babu yao. Wimbo wao Mkono wa Bwana ulivuka mipaka, na Septemba 2022 waliimba Nairobi siku William Ruto alipoapishwa. Agosti 2024 wakampoteza Marco Joseph, aliyefariki katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na Kenya ikalia pamoja na Tanzania. Kundi linaendelea kuimba, kwa kuwa ukoo una sauti zaidi ya moja.

Kwa waimbaji, kwaya za Buhigwe zinafanana na Petra bila kujua. Soprano akiolewa Kigoma mjini, mdogo wake amekwisha kushika nafasi. Mwalimu akihamishwa na serikali, besi mwingine anapatikana kabla ya Pasaka. Kasoro iko kwa wapigaji. Mpiga solo ni mmoja, alijifunza kwa kuibia macho, hana mwanafunzi na halipwi nauli. Kanisa la jirani likimpa hata baiskeli, amekwenda na sauti ya kwaya nzima. Kwaya iliyobaki hukimbilia studio, ambako kinanda kinapiga kila kitu, na ndiyo maana albamu za siku hizi zinafanana kiasi kwamba msikilizaji hutambua kwaya kwa rangi ya sare kwenye video.

Wazee wa kanisa husema hela hakuna. Hela ya sare hupatikana. Msimu wa maharage na kahawa sadaka ya mavuno hujaa mbele ya madhabahu, na umeme wa gridi ya Taifa uliofika mkoani tangu 2022 umepunguza gharama ya jenereta. Gitaa la pili la kujifunzia, na posho ya mwalimu wa Jumamosi mchana, si mzigo wa kuishinda parokia au usharika. Na wasichana wapewe magitaa pia. Kwenye kwaya nyingi wao ndio wengi, lakini kwenye vyombo hawaonekani.

Jambo jingine ni karatasi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtumbuizaji, si mtunzi peke yake, na Januari 2022 COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, iligawa mirabaha kwa wasanii. Kwaya inayoingia studio bila orodha ya nani ametunga, nani amepiga solo na nani besi, inajitafutia ugomvi. Orodha hiyo iandikwe na kusainiwa mbele ya mwenyekiti wa kwaya kabla ya kurekodi, kwa sababu wimbo ukishavuma kila mtu hukumbuka kwamba yeye ndiye aliyeutunga.